Mrejesho: mashine ya kuchanganyia rangi za gari, Mwanjelwa

Wakuu habarini, nimerudi kuhusu ile mashine ya zamani ya kuchanganyia rangi niliyoulizia, iliyogoma kukoroga makopo. Asanteni sana. Mliosema niloweke vifuniko vya kukorogea (vile vya makopo vyenye pangaboi la kukoroga rangi ndani) kwenye thina usiku kucha halafu nivizungushe kwa mkono kabla ya kuwasha mota, Mungu awabariki, vimelainika na mkanda mpya wa mota umeshika vizuri kabisa. Rangi ya silva iliyoganda chini ya kopo nimeikwangua na kijiti taratibu mpaka ikarudi, ila nyekundu moja imekuwa jiwe, hiyo haikupona. Mzani wa kupimia rangi nao bado unacheza, na kwenye rangi hata nusu gramu inakuharibia kazi, so naazima wa jirani. Sasa naikorogesha dakika 15 asubuhi na jioni, maana baridi hii ya Mbeya rangi inakuwa nzito kweli.