Mliowahi kuacha kuvua ili samaki warudi, mlikula nini ile miezi? Tupeane uzoefu

Mwana Kajunjumele:
Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa Kyela, kwa sasa naishi Mbeya mjini. Wiki iliyopita nilizunguka soko la Mwanjelwa zima kutafuta mbasa, samaki wetu wa Ziwa Nyasa, maana mama alikuwa anakuja, na kwake bila mbasa hajakaribishwa. Nikaoneshwa samaki wa urefu wa kiganja. Babu alikuwa analeta mbasa wa kubeba kwa mikono miwili, kipindi mvua zinanyesha milimani na samaki wanapanda mto Lufilyo kwenda kutaga kwenye kokoto. Tuliijua njia yao na msimu wao, ndiyo maana tukaweza kuziba mto kwa uzio wa mianzi, ukingo hadi ukingo, na migono, yaani mitego ya kusuka, katikati. Migono hiyo nimeibeba mwenyewe nikiwa mtoto.

Sasa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo wetu, inataka tuache kuvua pale mto unapoingia ziwani, miezi yote ya kutaga. Wazee hawajakataa. Wanauliza tu, tutakula nini? Mimi sina jibu, na mkutano unakaribia. Naomba mliopitia mseme yaliyowakuta, hata kama yaliharibika.

Mama Vyungu:
Mwanangu, mie nauza samaki hapa Matema mwaka wa 19 huu. Siku moja nilinunua ndoo ya magege, jamii ya perege, kwa vijana waliovuta kokoro, ule wavu wa kukokota, karibu na matete. Nikaanza kupara. Wa kwanza nilipombana mashavu, vikamwagika mdomoni vitoto kama punje za ulezi, vina macho tayari, vingine bado vinacheza. Nikadhani amekula samaki wenzake. Wa pili vilevile. Mzee jirani akanitazama, akasema, huyo ni mama, jike la magege hulea mdomoni, tangu mayai mpaka vitoto. Nilianza kuvihesabu kwenye sufuria. Nilipofika 200 nikaacha, mikono ilikuwa inatetemeka. Karibu ndoo nzima ilikuwa kina mama.

Tangu siku hiyo sinunui samaki wa kokoro. Mwanzoni vijana hawakujali, waliuza kwa wengine. Tulipofika wanawake 11 tuliogoma, wakakosa pa kupeleka, na kokoro lile likalala chini ya mwembe mpaka panya wakalitoboa. Nasema hivi kwa sababu mikutano yenu huwa inaita wavuvi tu, na anayeamua samaki gani ana bei ni sisi wa ndoo.

Kuhusu kula, mie nilihamia kwenye vyungu. Kina mama wa Kikisi wanavileta na mitumbwi kutoka Ikombe mpaka gulio la Lyulilo, navinunua pale, napeleka Kyela mjini. Faida ni ndogo lakini haikosekani. Mwenye kakao au mpunga alivuka salama. Aliyeumia ni kijana asiye na shamba, anayevua kwa mtumbwi wa mtu mwingine. Huyo msimsahau.

Wa Migoli:
Huyo kijana asiye na shamba ni mimi, ila mimi ni wa bwawa la Mtera. Doria ilikuja alfajiri, ikakusanya nyavu na kuzichoma palepale mwaloni. Sibishi, wavu wangu ulikuwa wa macho madogo. Lakini ulikuwa wa mkopo, tajiri aliyenikopesha hakuungua naye, na hakuna aliyeniambia wavu halali nitaupata wapi na kwa hela ipi. Wiki ya pili nilikuwa majini usiku na timba, wavu haramu wa uzi wa plastiki, kwa sababu ndiyo niliyoimudu. Ninavyojua, wengi waliochomewa siku ile walifanya hivyohivyo. Kwa hiyo waambieni kamati wahesabu madeni ya watu kabla ya kutangaza tarehe.

Kilichonitoa ni mchezo. Tulichangishana kila siku ya mnada, kila mzunguko mmoja ananunua wavu wa macho makubwa, mimi nikawa wa nne. Mwezi wa kwanza unajuta kabisa, unapandisha wavu na samaki saba. Vumilia, maana hao saba wana uzito.

Halafu kuna jambo la bwawa. Maji ya Mtera yanatunzwa kwa ajili ya umeme, yanapanda na kushuka. Perege dume anachimba kiota kama sinia, kwenye maji ya magotini. Maji yakishuka haraka, viota vinabaki nchi kavu. Nimevikanyaga mwenyewe, udongo umepasuka. Ninyi wa ziwani hilo haliwahusu sana, ila wa mabwawani wasipange kwa kalenda peke yake.

Msoma Uvuvi:
Nyongeza fupi. Usipa, yaani dagaa wa Nyasa, na mbasa msiwawekee sheria moja. Usipa maisha yake ni kama mwaka mmoja tu. Upepo wa kusini ukikoroga ziwa kati ya Mei na Agosti, chakula kinapanda juu, nao wanajaa tena. Mbasa anahitaji miaka, na anahitaji mto msafi. Wakulima wa juu kule Rungwe wakilima mpaka ukingoni, tope linashuka, linafunika kokoto na mayai yanakosa hewa. Hao nao muwaite.

Na msiwaahidi watu muda mfupi. Newfoundland kule Kanada walisimamisha uvuvi wa samaki wao mkuu Julai 1992, watu wakaambiwa miaka miwili. Katazo hilo liliondolewa 2024. Karibu zaidi na kwetu, Ziwa Malombe nchini Malawi, chambo waliporomoka miaka ya 1980 kwa nyavu za kukokota zenye macho madogo, na mpaka leo hawajarudi kama zamani.

Kasanga Bandarini:
Sisi wa Ziwa Tanganyika tulifungiwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne. Tulijua mapema, hilo lilisaidia. Mke wangu alianika dagaa magunia mawili, akauza kidogokidogo. Julai shule zilipofunguliwa ndipo tulipobanwa. Ziwa lilipofunguliwa, usiku wa kwanza ule mwanga wa taa majini ulikuwa kama mji. Samaki walikuwepo, nilishukuru Mungu. Lakini mitumbwi iliyoingia ilizidi ya zamani, na roho iliniuma kuona tulichokilinda miezi mitatu kinagombaniwa namna ile. Pangeni siku ya kufungua kama mnavyopanga ya kufunga: mitumbwi mingapi, nyavu gani.

Mwana Kajunjumele:
Ndaga fijo, wote. Nimeandika kila kitu. Nitapendekeza vijana wasio na shamba ndio wawe walinzi wa mto, posho itoke kwenye ushuru wa mwalo, na mchezo wa nyavu uanze kabla hatujafunga. Mkutano ni Jumamosi hii asubuhi.

Mama Vyungu:
Jumamosi ni gulio la Lyulilo, mwanangu. Wanawake wote tutakuwa sokoni. Hamisheni iwe Jumapili baada ya ibada, nami nitakuja na hao 10 wengine.