TV juu ya sehemu ya kuotea moto: nitundike au nitafute ukuta mwingine?

ParachichiNjombe:
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Niko Njombe mjini, tumehamia kwenye nyumba yetu mwezi wa tatu, rangi ya nje bado. Sebuleni nilimwambia fundi ajenge sehemu ya kuotea moto ya tofali za kuchoma na dohani yake, maana huku mwezi wa sita na wa saba wageni wa Dar wanalala na makoti. Juu ya meko kuna rafu ya mninga, imetokeza upana wa kiganja tu, na kuanzia hapo ni ukuta mtupu hadi darini. Shemeji yenu ameuona huo ukuta, ameona na picha za nyumba za watu kwenye simu, kaamua: TV ya inchi 43 inakaa hapo.

Mimi roho inasita. Tunachoma kuni za miwati, na miwati mnaijua ikishika moto. Jana moto ukiwa na kama saa moja niliweka kiganja ukutani pale juu. Haukuniunguza, ila nilikitoa mwenyewe. Ukuta wa pili una dirisha linalopigwa na jua la jioni, wa tatu una mlango wa jikoni, wa nne kuna makochi. Breketi nimeshanunua, na fundi umeme aliweka soketi pale juu bila hata kuniuliza. Nifanyeje?

Nyanda_Juu:
Mkuu tundika ulale. Sisi Makete jiko la mkaa linakaa chini ya TV mwaka wa nne huu na mpira tunaangalia. Mnajitia hofu tu.

FundiTV_Mafinga:
Huyo wa Makete TV yake nitaipokea mezani kwangu siku moja, nipo hapa hapa.

Mkuu wa parachichi, kiganja chako kimeshakujibu. TV nyingi kitabu chake kinasema itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 40. Hilo ni joto la hewa inayoizunguka, bado joto lake yenyewe la ndani halijahesabiwa. Zile kapasita za bodi ya umeme, vile vikopo vidogo, kila joto likipanda nyuzi 10 umri wake unakatika karibu nusu. Ndiyo maana TV haifi siku ile ile ukasema ni moto. Inakufa mwaka unaofuata, wewe unalaumu umeme.

Wiki iliyopita nimefungua moja iliyokaa juu ya meko misimu miwili. Mteja anasema kioo kimeota madoa meupe ya duara, kama mbalamwezi nne zimejipanga kwa chini. Kioo hakina kosa. Nyuma yake kuna taa ndogondogo, na kila taa imefunikwa na lenzi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi. Gundi imelainika kwa joto, lenzi zimedondoka, nimezikuta chini kabisa zinachezacheza kama punje za mahindi. Nimezibandika upya, lakini karatasi za kutawanyia mwanga zilikuwa zimeshajikunja upande ule ule wa chini, na hizo hazinyooki tena.

Kabla hujatoboa, pima. Chukua kipimajoto, kibandike kwa utepe pale ambapo chini ya TV patafika, washa moto wenu wa kawaida, usome baada ya nusu saa, saa moja, saa mbili. Usitumie kile cha homa! Kinaishia 42, utakipasua zebaki imwagike sebuleni. Ikizidi 35, mimi nisingetundika. Ukitaka kulipunguza joto, rafu itokeze zaidi ili ilisukume mbele, lakini kwa kiganja kimoja hicho ni pambo.

Na waya: usichimbe tofali za dohani kuupitisha. Gamba la waya wa kawaida wa nyumba limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70, na ndani ya dohani moto haujui kuhesabu.

Baridi_ya_Limuru:
Salamu kutoka Limuru. Mimi niliitundika hivyo na joto halikunisumbua sana kwa vile rafu yangu ni pana. Kilichonitoa ni shingo. Ukikaa kwenye kiti macho yako yako kama mita moja na kidogo kutoka chini, na TV ya juu ya moto inaanzia mita moja na nusu. Tazama taarifa ya habari mpaka mwisho, uamke asubuhi uniambie. Halafu masizi. Kuni ikiwa mbichi kidogo moshi unarudi ndani, unaingia kwenye matundu ya nyuma. Niliifuta kwa kitambaa cheupe kikatoka cheusi.

Na ndugu wa Makete, TV achana nayo, hilo jiko la mkaa hakikisha dirisha liko wazi. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunazika watu.

Mama_Nuru:
Na sisi wa hita ya umeme? Yangu inaangalia TV kwa pembeni.

FundiTV_Mafinga:
Mama Nuru, isogeze mita moja na uigeuze ielekee kwenye makochi. Na isichangie ekstensheni na TV wala king'amuzi. Hita ya wati 2000 inavuta karibu ampea 9 peke yake, ichomeke moja kwa moja ukutani.

ParachichiNjombe:
Nimerudi na majibu. Kipimajoto ninacho cha banda la vifaranga, nimekibandika jana. Kabla ya kuwasha kilisoma 17. Nusu saa, 29. Saa moja, 41. Saa mbili, 46, na moto wala haukuwa mkubwa, magogo matatu tu. Nikamwita shemeji yenu asome mwenyewe, nikamwambia vifaranga wa siku moja tunawapa 33 na wakizidishiwa wanatanua mbawa na kuhema. Akasoma mara mbili, akaniuliza kama kipimajoto ni kizima. Nikakitia kwapani, kikapanda mpaka 36. Akanyamaza.

Tumeiweka kwenye ukuta wa dirisha, juu ya meza fupi, mita mbili na nusu kutoka mekoni, na pazia zito linashushwa kuanzia saa kumi. Mtoto ndiye amefurahi, anaifikia. Hilo nalo ni tatizo jipya, nitafungua uzi wake.

Breketi inauzwa, aliye karibu aje. Soketi ya pale juu imebaki inatukodolea macho, shemeji yenu ameificha kwa ungo wa mama yake.

FundiTV_Mafinga:
Mkuu, ungo ni majani makavu. Mwite fundi umeme aitoe hiyo soketi, halafu pale tundikeni kitu cha chuma au chungu.

ParachichiNjombe:
Ya soketi nimekuelewa. Ya ungo njoo umwambie wewe.