Utabiri wa barafu ya Aktiki: mara 40 kati ya 51 ndo asilimia 78?

mtoto_wa_makulu: Wakuu habari za jioni. Niko UDOM nasoma takwimu, supavaiza kanipa kazi ya utabiri wa msimu wa barafu ya bahari ya Aktiki, najua mtacheka, mtu yuko Dodoma jua linamchoma anahangaika na barafu ya ncha ya dunia, ila ndo data niliyopewa. Modeli ya Ulaya, SEAS5, inaendeshwa mara 51, kila mara hali ya kuanzia inabadilishwa kidogo. Nimechukua sehemu moja ya bahari, Septemba, mara 40 inaonyesha barafu imefunika zaidi ya asilimia 15, zile 11 ni maji tu. Naandika uwezekano asilimia 78 nafunga kazi?

uwele_wa_bahi: Barafu ya nini tena 😂 sie tunataka kujua mvua inaanza lini tupande

bi_takwimu: Usiandike hiyo 78 mdogo wangu. Zote 51 ni modeli moja, ni kama kuuliza ndugu waliolelewa nyumba moja, wakikubaliana bado wanaweza kukosea wote. Modeli hizi mara nyingi zinajiamini kupita kiasi, yaani ukingo wa barafu zinauweka palepale karibu kila mara kumbe wenyewe umehamia kwingine. Ule utabiri wa majaribio wa miaka ya nyuma upo, 1981 hadi 2016, uchukue uulinganishe na satelaiti: pale modeli iliposema kama 78, barafu ilikuwepo kweli mara ngapi? Halafu pima kwa alama ya Brier, yaani tofauti kati ya uwezekano uliosema na kilichotokea (1 barafu ikiwepo, 0 isipokuwepo), ukiizidisha kwa yenyewe; ndogo ndo nzuri. Ukisema 0.8 na barafu isiwepo unapigwa 0.64, ungesema 0.5 ungepigwa 0.25 tu.

mtoto_wa_makulu: Asante dada. Sasa miaka ya 1980 barafu ya Septemba ilikuwa kama kilomita za mraba milioni 7, 2012 ikashuka hadi milioni 3.4 hivi. Nikisahihisha kwa miaka ile si nitakuwa natabiri barafu ya enzi za babu?

fundi_wa_hewa: Hapo umeshika penyewe. Ondoa mwelekeo kwanza, yaani kule kupungua kwa barafu kwa miaka mingi: kila mwaka wa zamani, wa modeli na wa satelaiti, usogeze uwe kana kwamba umetokea kwenye hali ya leo, ndo ulinganishe. Ila Antaktika usiipeleke hivyo kichwakichwa, kule barafu iliongezeka taratibu mpaka rekodi ya 2014, 2016 ikaporomoka, 2023 ikafika chini kuliko wakati wowote tangu satelaiti zianze kupima, mstari ulionyooka utakudanganya mchana kweupe. Na umeanzia mwezi gani? Utabiri wa Septemba uliotolewa Machi ni dhaifu kuliko wa Juni, kwa hiyo kila mwezi wa kuanzia ufanyie sahihisho lake. Unene wa barafu ndo unabeba habari nyingi, satelaiti ya CryoSat-2 inaupima kwa rada tangu 2010 lakini kiangazi madimbwi ya maji juu ya barafu yanaichanganya hiyo rada.

uwele_wa_bahi: Nimeanza kuelewa kidogo. Kwa hiyo na mvua wakisema chini ya wastani asilimia 40, nisipande?

bi_takwimu: Hiyo 60 iliyobaki ni wastani na juu ya wastani kaka. Panda, ila uwe uwele kweli, mahindi waachie wenye maji.