Mrejesho: shokapu za vani zimebadilishwa

Nawashukuru wote mlionishauri nilipouliza kwa nini vani yangu iliendelea kudundadunda kila ilipovuka tuta na kuinamisha pua sana nilipofunga breki. Shokapu za mbele, yaani vifaa vinavyozuia gari lisidundedunde, zilikuwa zinavuja mafuta, na matairi yalikuwa yameanza kulika kwa mabaka, kama mlivyohisi.

Tumebadilisha zote nne, ingawa kilicho muhimu zaidi ni kubadilisha kwa jozi, kushoto na kulia. Za mbele zimebeba springi, kwa hiyo fundi aliibana kwanza kwa kifaa maalumu ndipo akafungua nati ya juu. Nawasihi msijaribu kamwe bila kifaa hicho, kwani springi ikifyatuka inaweza kuua. Beringi za juu ya shokapu hizo nazo zilibadilishwa, maana ndizo zilizokuwa zikitoa mlio wa kugonga kila usukani ulipokatwa. Boliti za bushi za mpira (vipande vya mpira kwenye maungio) zilikazwa mwisho, gari likiwa limesimama juu ya matairi yake, ili mpira usibaki umejisokota.

Baada ya kupimwa alaimenti (mwelekeo wa magurudumu), gari limetulia hata likiwa na mzigo. Umebaki mlio mdogo wa nyuma, unaotokana na bushi za springi za majani (zile za vyuma bapa vilivyopangwa pamoja), nazo nitazibadilisha.