Mita inasoma 0.9 lakini mpunga unaungua ncha (delta ya Tana)

Bonde_la_Chini: Mashamba ya mpunga upande wa Ozi na Kipini hunyweshwa na maji matamu ya mto yanayosukumwa juu bahari inapojaa. Mto ukipungua, chumvi hupanda. Mita ya chumvi ikitumbukizwa ukingoni kila asubuhi inasoma 0.9 mS/cm (namba ikipanda, chumvi imezidi), ila miche inaungua ncha. Mita ni mbovu?

Fundi_Maji: Mita ni nzima, saa na mahali ndiyo mabaya. Maji ya bahari ni mazito, hupenya chini kama ulimi huku matamu yakielea. Tena "kila asubuhi" leo inakuta maji kujaa, wiki ijayo kupwa. Maji yakipwa unapima maji ya mto peke yake.

Funga jiwe kwenye chupa, kizibo kiwe na kamba yake. Ishushe katikati ya mkondo hadi nusu mita juu ya tope, vuta kizibo, mapovu yakiisha pandisha. Chota na ya juu. Fanya hivyo maji yakishajaa na kusimama. Mita isiyorekebisha joto hadi 25°C itakudanganya mchana.

Kwa mpunga, maji ya hadi 2 mS/cm hayapunguzi mavuno; kwenye 4.8 nusu imekwenda. Namba hizo ni kwa udongo unaochuja vizuri. Miche na mpunga unaochanua huumia mapema zaidi.

Kusi_na_Kaskazi: Nyongeza: maji ya tope yakiwa maangavu ghafla, usifurahi. Chumvi hugandisha chembe za udongo zikazama.

Na tusililaumu bwawa la Masinga (1981), huko juu ya mto Tana, kwa kila kitu. Mabwawa huachia maji hata kiangazi. Yanachokata ni vilele vya mafuriko, na mafuriko ndiyo huosha chumvi iliyolala shambani na kuleta rutuba. Ndiyo maana shamba huchakaa hata mwaka ambao mto haukukauka.

Bonde_la_Chini: Basi lango la kuingizia maji shambani lifungwe bamvua lote (siku bahari inapojaa sana)?

Fundi_Maji: Hapo ndipo pagumu. Wakati wa maji mafu (bahari ikijaa kidogo tu) tabaka hutengana vizuri, juu matamu, lakini kina hakifiki shambani. Bamvua hufika, ila mkondo wake mkali huchanganya chumvi mpaka juu. Jaribu siku mbili tatu kabla ya kilele cha bamvua. Panga mbao langoni maji yaingie kwa kumwagika juu yake, si kupita chini. Juu ikisoma zaidi ya 2, funga, na maji ya shambani yatoe yakipwa, yasikaukie humo.