Mimba ya wiki ya tisa, kazi ya rangi za kucha, na korodani ya mwanangu wa kwanza

MamaIdi

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Naomba anayejua anijibu bila kunificha.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na korodani moja tu kwenye mfuko, ya kulia haikuonekana. Tukaambiwa tusubiri, itashuka yenyewe. Tulisubiri mpaka anakaribia miaka mitatu, ndipo daktari mwingine akashangaa kwa nini tumekaa muda wote huo. Alipasuliwa wiki ileile. Sasa ni mzima, anaruka kila kona ya nyumba.

Nina mimba tena, wiki ya tisa. Kazi yangu ni kupaka watu rangi za kucha, huu mwaka wa sita, chumba kidogo chenye dirisha moja. Juzi mteja amekaa mbele yangu, mkono kaninyooshea, akaniambia kemikali hizi ndizo zinazoharibu watoto wa kiume tumboni. Alisema kwa maongezi tu, akalipa akaenda zake. Mimi tangu siku hiyo nikifungua kichupa mikono inatetemeka.

Ni kweli, au ni maneno ya watu? Kama ni kweli, ina maana mimi ndiye niliyemfanyia Idi vile? Na huyu wa sasa, nimeshachelewa?

Mwanamaabara

Dada, pole sana. Nilifanya kazi miaka saba katika maabara iliyokuwa inachunguza jambo hilihili, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza la Idi. Katika kila watoto 100 wa kiume wanaozaliwa mimba imetimia, wawili hadi wanne huwa na korodani ambayo haijashuka. Nyingi hushuka zenyewe miezi ya mwanzo. Sababu ni nyingi: kuzaliwa njiti, uzito mdogo, damu ya ukoo, na mara nyingi haijulikani kabisa. Hakuna daktari wala mtafiti anayeweza kumtazama mtoto mmoja akanyoosha kidole kwenye kichupa kimoja. Kwa hiyo huo mzigo ushushe, si wako.

Lakini alichosema mteja wako si uzushi. Hadi kama wiki ya sita, kijusi cha kiume na cha kike havitofautiani kwa umbo. Kila kimoja kina mirija ya aina zote mbili. Kisha jeni ya SRY, iliyo kwenye kromosomu Y, inaanzisha korodani, na karibu wiki ya nane korodani hizo changa zinaanza kutoa testosteroni. Hiyo ndiyo inayoiambia mirija ya kiume ibaki. Sehemu yake hugeuzwa kuwa homoni kali zaidi, na hiyo ndiyo inayojenga uume na mfuko wa korodani. Korodani zenyewe hushuka kwa awamu mbili: ya kwanza hutegemea zaidi homoni nyingine, INSL3, na ya pili, miezi ya mwisho, hutegemea testosteroni.

Kazi hii ina muda wake. Richard Sharpe na wenzake huko Edinburgh walionyesha mwaka 2008 kwamba kwa panya, ukizuia homoni za kiume kati ya siku ya 15.5 na 18.5 ya mimba, madhara yanabaki maisha yote, na ukimpa testosteroni baada ya hapo hakuna kinachorekebishika. Kwa binadamu muda huo unakadiriwa kuwa kati ya wiki ya 8 na ya 14. Ndiyo maana swali lako limenigusa: upo ndani yake sasa hivi, hujachelewa.

Nikueleze nilichokiona kwa macho. Kitoto cha panya cha siku moja ni chekundu, ngozi nyembamba mpaka unaona maziwa meupe tumboni. Unakilaza chali chini ya hadubini, unapima kutoka njia ya haja kubwa hadi kwenye kile kijinundu cha mbele. Kwa dume nafasi hiyo ni kama mara mbili ya jike. Sasa unakuja kwenye vitoto ambavyo mama zao walipewa DBP, kemikali ya jamii ya thaleti inayolainisha plastiki, ambayo kwa miaka mingi ilitiwa pia kwenye rangi za kucha ili zisipasuke. Unapima dume, unaona nafasi imepungua. Unarudia ukidhani mkono umeteleza. Unachukua wa pili, wa tatu, ni hivyohivyo. Siku ile ya kwanza nilinyamaza mpaka jioni.

Thaleti haijifanyi homoni ya kike, kama wengi wanavyodhani. Inapunguza testosteroni kulekule inakotengenezwa. Nyingine, kama dawa ya kuua kuvu iitwayo vinklozolini, au DDE inayobaki DDT ikivunjika, zina njia tofauti: homoni inatengenezwa vizuri, inafika kwenye seli, inakuta kiti chake kimekaliwa. Na zikikutana kadhaa, kila moja kwa kiasi kidogo, madhara yanajumlishana. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko kemikali yoyote moja.

Kwa watu, Shanna Swan na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 2005 kwamba akina mama waliokuwa na mabaki mengi ya baadhi ya thaleti kwenye mkojo walizaa wavulana wenye nafasi hiyo fupi zaidi. Mwaka 2015 wakaona tena, safari hii kwa thaleti ya DEHP kwenye mkojo wa miezi mitatu ya mwanzo. Zingatia, dada: wale walikuwa watoto wazima. Tofauti ilionekana kwa kipimo.

Cha kushika ni hiki: thaleti hazikai mwilini, nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili. Ukipunguza leo, kesho mtoto anapata kidogo. Sogeza meza dirishani, feni ielekee nje, vichupa vifunikwe, nawa kabla ya kula, usile hapo mezani, na usipashe chakula kwenye plastiki. Ukiweza kubadilishiwa kazi mpaka wiki ya 14, ni bora zaidi.

BabaWawili

Mimi nilijua mtoto tumboni analindwa na kondo la nyuma. Si ndiyo kazi yake?

Mwanamaabara

Kaka, hulinda dhidi ya mengi, ila si ukuta. Kuna dawa ya DES, homoni ya kike ya kutengenezwa, ambayo wajawazito walipewa kuanzia miaka ya 1940 ili mimba zisitoke. Mwaka 1971 Marekani ilitoa onyo isitumike tena kwa wajawazito, baada ya saratani adimu ya uke kuonekana kwa mabinti waliokuwa tumboni wakati huo. Wana wa kiume wa wajawazito haohao nao walikutwa na uvimbe wa maji kwenye mirija ya korodani, na korodani zisizoshuka. Mama alimeza kidonge, mtoto ndiye aliyekibeba.

BabaWawili

Ahsante. Basi niongeze langu. Wangu wa pili alizaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya nchani. Kama si muuguzi mmoja aliyekuwa macho, angetahiriwa. Ile ngozi ndiyo daktari wa upasuaji aliyoitumia kumtengenezea njia. Wazazi, mkiona tundu halipo mahali pake, msikubali mtoto akatwe kabla hajaonwa na mtaalamu.

MkungaMstaafu

Mama Idi, mwanangu, sikiliza na huku kwetu. Kliniki waambie historia ya Idi waiandike. Akizaliwa wa kiume, akaguliwe chumba kikiwa na joto na mikono ya mkaguzi ikiwa na joto, maana baridi hupandisha korodani juu. Zote mbili zishikwe kwa vidole. Akifika miezi 6 na moja haijashuka, usisubiri tena, mpeleke kwa daktari wa upasuaji. Inatakiwa iwe imeshushwa kabla ya miezi 18. Joto la tumboni huharibu seli za mbegu, na korodani iliyochelewa kushushwa ina hatari kubwa zaidi ya saratani ukubwani. Hayo ndiyo mliyopaswa kuambiwa mara ya kwanza, na inaniuma hamkuambiwa.

Na usiache dawa yoyote uliyoandikiwa kwa hofu ya kemikali. Uliza kwanza.

MamaIdi

Nimesoma yote mara mbili, nimelia kidogo, sasa niko sawa. Nimeongea na mwenye saluni, kuanzia Jumatatu nakaa mapokezi. Ila Jumamosi hii nina wateja wanne nilioshawaahidi. Tuna boksi la glavu za vinili, zitanifaa?

Mwanamaabara

Hizo ziache. Vinili yenyewe mara nyingi hulainishwa kwa thaleti. Tafuta za nitrili, badilisha kwa kila mteja, na ikitoboka ivue hapohapo.