Naomba ushauri: bolti za M10 kati ya injini na gia boksi

Habari zenu wakuu. Niko Nakuru, nafunga injini ya 5A-FE kwenye Corolla AE110, na bolti mbili za gia boksi zimepotea. Za zamani ni M10 (kipenyo mm 10), nyuzi 1.25 (yaani mm 1.25 kati ya uzi na uzi), spana 14. Hardware wengi hapa wana nyuzi 1.5, na hizo ni hatari: inaingia raundi mbili, inakaza, ukilazimisha inakula nyuzi. Nimepata 1.25 za 8.8 (daraja la uimara wa bolti), ila ni fupi kwa 10 mm.

Doweli (pini za kulenga gia boksi kwenye injini) zote mbili zipo, na gia boksi imekaa bapa kwenye bloku kwa mkono, bila kuvutwa na bolti. Nyuzi za matundu nimezipitisha tapu (kifaa cha kukata nyuzi) 10x1.25 na kuosha kwa petroli. Tundu moja la upande wa alumini lilitoa vinyuzi vya kung'aa kama nywele, basi nikaacha.

Maswali mawili tu. Bolti fupi inashika alumini 11 mm. Mimi huhesabu ishike mara 1.5 ya kipenyo, yaani mm 15. Je, itastahimili toki (nguvu ya kukaza) ya Nm 46? Na tundu lililoliwa, nitafute bolti ndefu ifike nyuzi nzima za ndani, au niweke helikoili (nyuzi mpya za waya zinazoingizwa tunduni) moja kwa moja?